Kampuni iliyokatazwa kupima ng'ombe wake

Februari 2004, kampuni ya nyama ya Creekstone Farms, yenye machinjio katika mji mdogo wa Arkansas City, jimbo la Kansas, iliiomba Wizara ya Kilimo ya Marekani ruhusa ya kumpima kila ng'ombe inayemchinja kama ana ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Gharama zote ingebeba yenyewe. Tarehe 9 Aprili wizara ikajibu kwamba haiwezekani. Kampuni ilipofungua kesi miaka miwili baadaye, ilishinda mahakama ya kwanza kisha ikashindwa kwenye rufaa, na katazo likabaki palepale.

Mtu akisikia kisa hiki kwa mara ya kwanza hushangaa: serikali gani inamzuia mfanyabiashara kukagua bidhaa yake zaidi ya sheria inavyomtaka? Mimi pia nilishangaa. Nilipokichimba nikakuta hoja ya wizara ina mashiko kuliko nilivyodhani. Nilipoendelea kuchimba nikakuta wizara yenyewe, ndani ya miezi ileile, ilikuwa inafanya mambo yanayomwondolea mtu imani ya kuiachia kazi hiyo peke yake. Hapo ndipo uzito wa kisa ulipo.

Hofu ilianzia jimbo jingine. Tarehe 9 Desemba 2003 ng'ombe wa maziwa wa aina ya Holstein alichinjwa Moses Lake, jimbo la Washington, akitokea shamba moja la Mabton. Aliandikwa kuwa ameshindwa kusimama, na kwa sababu hiyo kipande cha ubongo wake kilichukuliwa kwenda kupimwa. Nyama yake haikusubiri majibu. Waziri wa Kilimo, Ann Veneman, aliposimama mbele ya waandishi wa habari tarehe 23 Desemba kutangaza kwamba ugonjwa umeonekana Marekani kwa mara ya kwanza, wiki mbili zilikuwa zimeshapita. Nyama ya ng'ombe huyo na ya wengine 19 waliochinjwa siku hiyohiyo ilikuwa imeshaingia sokoni. Kilo 4,700 hivi zikaamriwa zirudishwe, na bila shaka nyingine ilikuwa imeshapikwa na kuliwa. Ubongo na uboho wa uti wa mgongo, ambako ndiko hatari inakokaa, havikuwa vimepelekwa kwa walaji. Hereni ya sikioni na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa ng'ombe huyo alizaliwa Alberta, Kanada, mwaka 1997, akaingizwa Marekani mwaka 2001.

Japani haikungoja hayo yote. Siku moja baada ya tangazo ilikuwa imefunga mlango, na Japani ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa nyama ya ng'ombe ya Marekani nje ya nchi, kwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Korea Kusini na nchi nyingine nyingi zikafuata.

Wajapani walikuwa na sababu yao. Kisa chao cha kwanza kilionekana Septemba 2001, watu wakaacha kula nyama kwa hofu, na kuanzia Oktoba mwaka huo serikali yao ikaagiza kila ng'ombe anayechinjwa apimwe, awe mzee au ndama. Mama anayenunua nyama Tokyo alikuwa ameshazoea kuambiwa kwamba ng'ombe huyu amepimwa. Sasa Marekani, iliyokuwa ikichinja ng'ombe kama milioni 35 kwa mwaka, mwaka 2003 ilikuwa imepima kama 20,000 tu. Hesabu hiyo ni ng'ombe mmoja katika kila 1,700 au zaidi. Creekstone, inayouza nyama ya Black Angus ya daraja la juu na yenye wateja Japani, iliiona njia iliyo wazi: mteja anataka ng'ombe aliyepimwa, basi tumpime. Ilijenga chumba cha maabara ndani ya machinjio kwa kama dola nusu milioni na kuandaa watu wa kuifanya kazi hiyo. Ilikuwa ikidai kwamba soko lililofungwa linaipotezea dola 200,000 kwa siku. Kipimo kingegharimu kama dola 20 kwa ng'ombe. Ukizigawanya kwa mzoga wa kilo 350, hazifiki senti 6 kwa kilo.

Tukitazame hicho kipimo kwa karibu, maana mabishano mengi hufanywa na watu wasiojua kinachopimwa. Ng'ombe aliye hai hapimiki kwa damu wala mkojo. Akishachinjwa, kichwa hutenganishwa na mwili na kugeuzwa. Nyuma ya fuvu, pale shingo ilipokuwa imeshikilia, kuna tundu la mviringo ambamo uboho wa uti wa mgongo hupita kuingia kwenye ubongo. Mpimaji huingiza humo kijiko kirefu chembamba, hukizungusha taratibu kuzunguka ukuta wa tundu ili kukata mishipa ya neva inayoshikilia, kisha huvuta. Kinachotoka ni kipande cha shina la ubongo, cheupe na laini, chenye mkunjo wa herufi V katikati. Hapo kwenye V ndipo ugonjwa huonekana mapema kuliko sehemu nyingine za ubongo. Kipande kisichofika gramu moja hupondwa hadi kiwe uji, kisha hutiwa kimeng'enya kinachoyeyusha protini za kawaida. Prioni, yaani ile protini iliyojikunja vibaya ambayo ndiyo chanzo cha ugonjwa, haiyeyuki. Kinachobaki hutafutwa kwa kingamwili na rangi, na mashine husoma. Majibu yanaweza kupatikana siku hiyohiyo, nyama ikiwa bado inaning'inia kwenye kulabu ndani ya chumba cha baridi.

Prioni haina uhai kama bakteria, kwa hiyo hakuna cha kuua. Supu inaweza kuchemka kutwa kucha na prioni ikabaki vilevile. Uingereza, ambako ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1986, zaidi ya ng'ombe 180,000 walithibitishwa kuugua, kwa sababu walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao. Machi 1996 serikali ya huko ikakiri kwamba ugonjwa umefika kwa binadamu. Watu 178 wamekufa Uingereza kwa ugonjwa huo, wengi wao vijana, na kifo chake ni cha polepole: mtu hupoteza kwanza furaha, kisha mwendo, kisha maneno. Kwa hiyo anayeuliza kama nyama imepimwa asionekane mwenye makeke.

Sasa hoja ya wizara. Ndama huambukizwa akiwa mdogo, kupitia chakula. Prioni hukaa mwilini miaka mingi, kwa wastani minne au mitano, kabla ng'ombe hajaanza kuyumba. Katika muda huo mrefu ubongo wake ukipimwa hauonyeshi kitu. Kipimo hunasa ugonjwa miezi michache tu kabla dalili hazijajitokeza. Ng'ombe wa nyama wa Creekstone, kama wale wa machinjio mengi ya Marekani, huchinjwa kabla hata ya miaka miwili na nusu. Ukiwapima wote, karibu wote watatoka safi, na ambaye ameambukizwa naye huenda akatoka safi. Wizara ikasema: ukibandika alama ya kupimwa kwenye nyama hiyo unampa mlaji ahadi ambayo kipimo hakiwezi kuitimiza. Kazi ya kipimo, kwa maelezo yake, ni kuchunguza kama ugonjwa upo nchini na kwa kiasi gani, na kwa hilo wanaopaswa kupimwa ni ng'ombe wazee, wagonjwa, walioanguka, waliokufa shambani. Anayelindwa mezani analindwa na mambo mengine mawili: kuondoa ubongo, uboho wa uti na viungo vingine vya hatari siku ya kuchinja, na kutomlisha ng'ombe mabaki ya ng'ombe.

Kwa upande wa biolojia naikubali hoja hii karibu yote. Kwetu mnunuzi hutazama muhuri wa mkaguzi kwenye paja linaloning'inia buchani, na muhuri ule unasema mtu mwenye ujuzi aliikagua nyama hii kwa macho na kisu. Hausemi haina kitu. Mnunuzi mwelevu anaijua tofauti, ila wengi hawaijui, na mfanyabiashara anaweza kuitumia hiyo kutojua.

Nimeandika karibu yote kwa sababu Japani ilikuwa na ushahidi mdogo wa kinyume. Oktoba na Novemba 2003, katika kumpima kila mmoja, ilinasa ng'ombe wawili wenye umri wa miezi 23 na 21 tu. Ni wawili kati ya mamilioni, na ndiyo maana Japani yenyewe baadaye ilikubali kwamba walio chini ya miezi 21 hawana haja ya kupimwa. Hata hivyo walionekana kwa sababu mtu alitazama mahali ambapo hesabu zilisema hakuna haja ya kutazama.

Ila kumwambia mtu kipimo chako kina upungufu ni jambo moja, na kumkataza asikitumie ni jambo jingine. Wizara ilichagua la pili. Wapinzani wakubwa wa Creekstone walikuwa wenzake katika biashara. Chama kikubwa cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama kilisimama na wizara. Hofu yao inaeleweka bila kufasiriwa: mmoja akianza kuuza nyama iliyopimwa, mnunuzi atauliza kwa nini ya wengine haijapimwa, na kila machinjio yatalazimika kulipa dola 20 zile. Siwezi kusema hofu hiyo ndiyo iliyoandika barua ya Aprili. Naweza kusema kwamba barua iliwafaa.

Tarehe 27 Aprili 2004, siku 18 tu baada ya Creekstone kukataliwa, ng'ombe mmoja alifikishwa kwenye machinjio ya San Angelo, Texas, akionyesha dalili za ugonjwa wa ubongo. Mkaguzi alimkataa asichinjwe kwa chakula, kama inavyotakiwa. Huyo ndiye hasa aina ya ng'ombe ambaye wizara ilisema anapaswa kupimwa badala ya maksai wazima wa Kansas. Waliokuwa pale walitaka kuchukua sampuli, agizo likatoka ofisi ya mkoa kwamba wasichukue, na mzoga ukapelekwa kuyeyushwa kabla mtu hajautazama ubongo. Wizara ilikiri baadaye kwamba utaratibu wake wenyewe haukufuatwa. Mkaguzi Mkuu wa wizara alipopitia takwimu, akakuta kwamba kati ya ng'ombe 680 waliokataliwa machinjioni kwa dalili za ubongo katika miaka iliyotangulia, waliopimwa walikuwa 162. Hawakufika hata robo.

Juni 2004 wizara ikaanzisha upimaji mpana, na hapa niitendee haki: ulikuwa mpana kweli. Hadi Agosti 2006 ulikuwa umefikia ng'ombe zaidi ya 780,000, wengi wao wale wa hatari. Lakini ndani ya kazi hiyo kubwa likatokea tukio la pili la Texas, na hili linaniuma kuliko la San Angelo, kwa sababu mara hii sampuli ilichukuliwa.

Novemba 2004 kilipatikana kipande cha ubongo wa ng'ombe jike mzee, wa miaka kama 12, aliyezaliwa na kukulia Texas. Mzoga wake haukuingia kwenye chakula cha watu. Kipimo cha haraka, cha aina ileile ambayo Creekstone iliinyimwa, kilionyesha mashaka. Sampuli ikapelekwa Ames, Iowa, kwenye maabara ya taifa, ikapimwa kwa njia ya kupaka rangi vipande vya ubongo na kuvitazama kwa hadubini. Majibu: hana. Tarehe 23 Novemba taifa likatangaziwa kwamba hana. Katika maabara hiyohiyo kipimo kingine, cha majaribio, kilikuwa kimeonyesha kasoro, na matokeo hayo hayakupandishwa kwa wakubwa. Wataalamu wa nje walikuwa wakiuliza kwa nini kipimo cha tatu, kinachotumika Ulaya na Japani kukata mashauri ya namna hii, hakikufanywa. Miezi saba ikapita. Juni 2005 Mkaguzi Mkuu, Phyllis Fong, aliagiza kifanywe. Kikaonyesha ugonjwa. Maabara ya Weybridge, Uingereza, ikathibitisha, na tarehe 24 Juni Waziri Mike Johanns akatangaza kwamba ng'ombe yule alikuwa nao. Alikuwa wa kwanza kuthibitishwa kati ya ng'ombe waliozaliwa Marekani penyewe.

Hebu tuyaweke matukio haya mawili pamoja. Kampuni iliambiwa isipime kwa sababu majibu yake yanaweza kumpa mlaji utulivu wa uongo. Mwaka huohuo, serikali ilimpa mlaji huyohuyo utulivu ambao haukuwa wa kweli, na ukadumu miezi saba. Sisemi kuna aliyedanganya kwa makusudi. Ninachokiona ni kwamba palipo na mpimaji mmoja tu mwenye haki ya kupima, kosa lake halina mtu wa kulikuta isipokuwa yeye mwenyewe, na kama si ukaidi wa ofisi ya Mkaguzi Mkuu, ng'ombe yule wa Texas angebaki kwenye vitabu kama ng'ombe mzima.

Machi 2006 Creekstone ikafungua kesi Washington, D.C. Sheria ambayo wizara ilijifunika nayo ni ya mwaka 1913. Wakati ule wafugaji wa nguruwe walikuwa wakiuziwa dawa bandia za homa ya nguruwe, na Bunge likapiga marufuku dawa na chanjo zisizofaa au zenye madhara zinazokusudiwa kwa matibabu ya wanyama. Wizara ilisema kipimo ni sehemu ya matibabu, kwa hiyo ina mamlaka ya kuamua nani akitumie na kwa nini. Jaji James Robertson hakukubali. Tarehe 29 Machi 2007 aliamua kwamba ugonjwa huu hauna tiba, kipimo hufanywa kwa ng'ombe aliyekwisha kufa, na hakuna namna ya kukiita hicho matibabu. Uamuzi ukasimamishwa kusubiri rufaa. Tarehe 29 Agosti 2008 Mahakama ya Rufaa ikaupindua kwa majaji wawili dhidi ya mmoja: neno matibabu, walisema walio wengi, linaweza kubeba pia uchunguzi wa ugonjwa, na tafsiri ya wizara si ya kukiuka akili. Jaji David Sentelle alipinga.

Nikiwa msomaji tu wa sheria na si mwanasheria, naona Robertson alilishika neno kama watu wanavyolitumia. Ng'ombe ambaye kichwa chake kiko mezani na mwili wake uko kwenye kulabu hatibiwi.

Kipo kilichobaki bila kujibiwa. Mahakama ya Rufaa iliamua tu kama wizara ina mamlaka. Swali kama iliyatumia mamlaka hayo kiholela ilipoikatalia Creekstone lilirudishwa mahakama ya chini. Hilo ndilo swali ambalo mimi ningependa lingejibiwa kwa kina. Kulikuwa na njia ya kati isiyomdanganya mtu: kampuni iruhusiwe kupima chini ya macho ya wizara, sampuli zenye mashaka ziende Ames kama nyingine zote, na karatasi ya nyama iandikwe kwa lugha ya kawaida kwamba ng'ombe huyu alipimwa akiwa na umri wa miezi kadhaa, na kwamba kipimo hakioni ugonjwa mchanga. Mjapani aliyekuwa tayari kulipa senti 6 zaidi kwa kilo angesoma na kuamua mwenyewe.

Soko lilifunguka kwa njia nyingine. Desemba 2005 Japani ilikubali nyama ya Marekani ya ng'ombe wasiozidi miezi 20, bila kupimwa, mradi viungo vya hatari viondolewe. Mwezi uliofuata ikafunga tena, kwa sababu ndani ya shehena ya nyama ya ndama wakaguzi wa uwanja wa ndege wa Narita, karibu na Tokyo, walikuta vipande vya uti wa mgongo. Hakuna kipimo cha maabara kilichohitajika kuviona. Vilikuwa vimo ndani ya maboksi, vikiwa na muhuri wa serikali. Ilichukua hadi Julai 2006 kufungua upya, na Agosti mwaka huo wizara ikapunguza upimaji wa nyumbani hadi ng'ombe kama 40,000 kwa mwaka.

Katika idadi hiyo ndogo, Aprili 2012, alinaswa ng'ombe wa maziwa wa zaidi ya miaka 10, kwenye mtambo wa kuyeyusha mizoga Hanford, California. Ugonjwa wake ulikuwa wa ile aina isiyo ya kawaida inayoonekana kujitokea yenyewe kwa ng'ombe wazee, bila chakula kichafu. Wizara ilisema huo ni ushahidi kwamba uchunguzi wake unafanya kazi, na kwa ng'ombe yule ilikuwa na haki ya kusema hivyo: alikuwa mzee, alikuwa amekufa, alichaguliwa, alionekana. Arkansas City, chumba kilichojengwa kwa ajili ya vichwa vya ng'ombe elfu moja kwa siku hakikupewa ruhusa ya kupima hata kimoja.